Nati za Mlango wa Doto

Kiwalani, Jumapili, baada ya adhuhuri

Mtani wangu Shabani,

Leo sikutanii. Najua hata huko uliko unasubiri nianze kwa neno la kukuudhi, kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi ulipoingia stoo. "Haya, pagazi, leo umekuja kubeba nini?" Nawe hukukawia kujibu: "Nimekuja kukubeba wewe, Mzaramo mvivu, nikakutupe Tabora ukajifunze kazi." Leo sina hilo. Nina neno moja tu, limenikaa kooni tangu siku tuliyokuzika, na nisipoliandika litaniua.

Hukufa kwa uzembe wako. Ulikufa kwa uzembe wangu.

Nimeliandika. Mke wangu anapita mlangoni kila mara akijifanya anatafuta ufagio. Karatasi hizi ni zile za kuombea vipuri, naandika nyuma yake. Zilibaki kwenye mfuko wa koti langu siku waliponitoa stoo. Ndiyo, wamenitoa. Funguo anazo mtu mwingine sasa, na nasikia hata kabati la bolti hajui linavyofunguliwa, analipiga teke. Lakini hilo nitalifikia.

Mengi ya haya unayajua kuliko mimi. Niache niyaseme hivyo hivyo, maana nikiruka hata moja nitapata pa kujificha.

Meli zetu zilikuwa mbili, na wewe ndiye uliyezipa majina. Kwenye karatasi za ofisi zilikuwa na namba tu. Siku ulipoziona zimekaa mchangani pale Mtoni, maji yametoka, tumbo bapa juu ya matope, zimefanana kila kitu, ulisema, "Hawa mapacha. Huyu Kulwa, huyu Doto." Basi mpaka bwana mkubwa wa karakana akawa anasema Kulwa na Doto. Zilijengwa wakati wa vita, kupeleka askari na magari mpaka mchangani penye risasi. Ndiyo maana hazikuhitaji gati. Zilijikwamisha pwani kwa makusudi, zikafungua mlango wote wa mbele, ukalala juu ya mchanga kama daraja, vitu vikatoka. Vita ikaisha, zikawa zinapeleka saruji na malori huko kusini, mahali ambapo meli nyingine haziwezi kusogea. Uliwahi kunionyesha kwa kiganja: "Tazama, mtani. Meli nyingine uhai wake uko kwenye injini. Hii uhai wake uko mdomoni." Na mdomo wenyewe ulishikwa na waya mbili tu, mmoja kila upande, zikivutwa na winchi.

Na ilikuwepo ya tatu, ile isiyo na jina. Ililetwa ikiwa imekwisha kufa, ikakatwakatwa kule kwenye mikoko ili viungo vyake viwafae wenzake. Winchi yake, bawaba zake, pampu, nati na bolti, vyote vikaja Chang'ombe kwenye rafu zangu. Ulikuwa ukiingia stoo unavua kofia. Nikikuuliza kulikoni, unasema, "Naingia makaburini." Nilikuwa nacheka.

Sasa tazama nilichofanya. Kulwa na Doto zilijengwa Uingereza. Ile maiti ilijengwa Marekani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nati ya nusu inchi ya Mwingereza na ya Mmarekani ukiziweka mkononi huzitofautishi, lakini meno yao hayakatwi sawa. Ya Mwingereza ina meno kumi na mawili katika inchi moja, ya Mmarekani kumi na matatu. Jino moja tu. Ukaniambia ziwe makopo mawili, ukalipaka la Mmarekani rangi nyekundu kwa mkono wako mwenyewe. Ukasema, "Hata hivyo usiamini kopo. Amini vidole." Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yako, na mafundi wengine walikusema kwa hiyo, eti unachelewesha kazi. Nati mpya haiguswi na spana kabla ya vidole. Ikitelemka kwa vidole mpaka chini, ni yake. Ikigoma, irudi stoo, hata kama spana ingeweza kuilazimisha. Hasa kama spana ingeweza kuilazimisha.

Basi likaja lile juma la ukaguzi. Unanijua napenda stoo yangu ipendeze, napenda kusifiwa, ni ugonjwa wangu tangu ujana. Kulikuwa na makopo mengi nusu tupu kwenye rafu ya chini, yanachukiza macho. Nikayamimina. Vitu vya aina moja kopo moja, vizuri, safi, karatasi mpya juu yake. Na lile jekundu nikalimwaga ndani ya lile jeupe la Mwingereza. Sikusahau maneno yako, Shabani, laiti ningekuwa nimesahau. Niliyakumbuka, nikasema moyoni, nitazitenganisha baada ya ukaguzi. Bwana mkubwa akapita akasema stoo nzuri. Nikaja kukuringia.

Wiki iliyofuata mafundi wengine, wasiojali vidole, walibadilisha waya za Kulwa, nikatoa nati kutoka kopo lile. Kisha ikawa zamu ya Doto.

Siku ile ulikuwa na vidole vimefungwa kitambaa, gumba na viwili vinavyofuata. Bomba la injini lilikuwa limekuunguza siku chache nyuma, na nilikutania sana kwamba Mnyamwezi kazoea kubeba kwa kichwa, mikono ya nini. Ulikuja mwenyewe dirishani asubuhi. Maji yalikuwa yametoka, Doto iko mchangani, na kazi ilitakiwa iishe kabla hayajarudi. Ulitaka nati za vile vishikizo vinavyobana mkia wa waya. Nikachota. Ukazitazama, ukatazama vidole vyako, ukanitazama.

"Mtani, mie leo sina vidole. Umezijaribu?"

Nami nikajibu, "Nimezijaribu."

Ulikuwa uongo mdogo. Nilikuwa na watu watatu dirishani, mmoja anataka rangi, mmoja anapiga kelele za grisi. Bolti ya kujaribia ilikuwa hapo hapo juu ya meza, ile uliyoniachia kwa kazi hiyo, ungeweza kuigusa. Nikasema nimezijaribu, ukasema, "Basi," ukaenda. Hukuuliza mara ya pili. Kwa nini hukuuliza mara ya pili, Shabani? Nimekukasirikia kwa hilo siku nyingine, halafu nikajiona mnyama.

Ulizikaza kwa spana, spana umeishika kwa kiganja, na spana haina hisia. Mlango ukapandishwa, ukakaa. Ukaenda kwako Temeke kula. Ukarudi, maji yameanza kunusa mchanga, ukaingia chini ya mlango kupaka grisi bawaba. Ile minyororo ya kuushikilia mlango ilikuwa imevuliwa zamani kwa kutu, na mipya tuliambiwa iko njiani kutoka Ulaya tangu kabla ya mfungo. Kila mtu alikuwa akiingia chini hivyo hivyo.

Mie nilisikia kishindo nikiwa kwenye lori naleta pipa la mafuta. Sitaandika nilichokiona. Wewe hukukiona, na nashukuru.

Walipokata waya ili kukutoa, kishikizo kimoja kilianguka miguuni pangu. Nikakiokota. Nati zake mbili zilikuwa zimekaza, zimekaza kabisa, hata kwa mkono wenye nguvu hazikutikisika, na katikati yake palikuwa wazi. Waya ulikuwa umechomoka kama uzi kwenye sindano. Nati ilikwama kwenye meno ya bolti, lakini waya haikuubana. Nilielewa pale pale, wenzangu wakiwa bado wanalia na kuita jina lako. Nikatia kile chuma mfukoni, nikalia pamoja nao.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mwoga tu. Lakini mie ni mtani wako, na kwenye msiba wako nilikuwa na kazi.

Unajua ilivyo. Watu wako wa Tabora walikuja wote wanaoishi mjini hapa, na sisi Wazaramo tukawapokea kwa matusi kama inavyopasa. Msiba ulikuwa mzito, watu hawali, na ndani mkeo Bi Zena alikuwa hajasema neno tangu umerudishwa. Wazee wakaniashiria. Kondo, fanya kazi yako. Nikaenda uani, nikavaa ovaroli yako ya kazi, nikang'oa kile kilango cha banda la kuku, nikajitwisha. Nikatokea mbele ya watu natembea kama wewe, kifua mbele, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Nikasema, "Wanyamwezi nyie! Huyu ndugu yenu kaona mlango wa meli unateremka, wenzake wote wakakimbia. Yeye akauliza, mzigo huu unakwenda Ujiji? Akaweka kichwa!" Nikaanguka chini ya kile kilango, miguu juu.

Shabani, walicheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wanawake wakatoka kuniambia kwamba hata Bi Zena kacheka, mara ya kwanza, kisha akalia vizuri kama mtu anavyotakiwa kulia. Nilisifiwa. Na kile kishikizo kilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya ovaroli yako, nilipoanguka kilinichoma nyongani.

Kufika siku ya tatu mchezo wangu ulikuwa umefika karakana. Bwana mkubwa alipowaita watu kuandika ripoti, akauliza kama marehemu alikuwa na mazoea ya kukaa mahali pa hatari. Karani aliyekuwa akitafsiri akatabasamu. Watu wakatazamana, wakakumbuka kilango cha kuku. Wakasema ndiyo, bwana, jamaa alikuwa hakimbii kitu. Ikaandikwa kwamba fundi alikufa kwa kutojali kwake mwenyewe. Mimi nilikuwa wa nne katika foleni. Nilipoulizwa nikasema sina la kuongeza.

Wewe, uliyekuwa huruhusu nati iguswe na spana kabla ya kidole.

Sasa nikupe habari za hapa, maana barua ni habari. Chang'ombe nzima wanakuita Mbeba Mlango. Mwanao Mwajuma akienda bombani kuteka maji, wenzake wanamwita mtoto wa Mbeba Mlango, na siku moja alirudi na ndoo tupu. Juzi nilipita sokoni Buguruni, nikamsikia muuza nazi, mtu asiyekujua wala kunijua, akiwasimulia wateja habari za Mnyamwezi aliyebeba mlango wa meli akidhani unakwenda Ujiji. Ametia chumvi, sasa eti uliomba na kata ya kichwani. Nikamwambia, hiyo habari niliitunga mimi, na ni uongo. Akanipa mkono kwa furaha, akaniuliza kama ninayo nyingine.

Na siku zote hizo Kulwa ilikuwa ikisafiri. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote. Doto walikwisha kuibadilishia waya na vishikizo vipya, lakini Kulwa ilikuwa bado na nati za kopo langu. Kila ilipoondoka nilijua kuna pwani huko kusini itafungua mdomo, na wachukuzi watapita chini yake na saruji kichwani. Ikirudi, nilikuwa wa kwanza kufika Mtoni kuangalia kama mlango bado uko juu. Watu wakasema Kondo siku hizi mchapakazi. Nilikuwa nataka kusema, naogopa. Nina watoto watano, Shabani, na nyumba hii haijaisha kuezekwa. Wanajua hilo wote wanaofunga midomo.

Ikafika arobaini yako. Hitma ikasomwa, watu wakala, wakaanza kunitazama, maana mtani hana budi kufunga alichofungua. Nikapiga moyo konde, nikasimama. Nikasema, "Shabani hakubeba mlango wowote. Mie ndiye niliyemwangushia. Nilimpa nati zisizo zake, akaniuliza kama nimezijaribu, nikasema uongo."

Wakacheka.

Nikaapa kwa Mungu. Wakazidi. Mzee mmoja wa kwenu alifuta machozi akasema, "Huyu Mzaramo hana haya, hata arobaini haachi!" Nikatoa kile kishikizo mfukoni nikakiinua juu, mtu akaniuliza kama nimeanza kuuza vyuma chakavu. Nikabaki nimesimama pale natokwa na jasho, nasema kweli mbele ya watu wanaonishangilia, mpaka nikakaa.

Kisha bibi mmoja akaja akaniambia, "Shemeji yako anakuita." Bi Zena yuko eda, kwa hiyo alisema nami akiwa nyuma ya pazia, shangazi yako amekaa kizingitini. Sikuona uso wake. Aliniuliza tu, "Shemeji, lile ulilosema ni utani?"

Nikasema hapana.

Mkono wake ukatoka chini ya pazia. Nikaweka ndani yake ile bolti ya kujaribia na nati moja niliyoitoa kwenye kishikizo chako. Alikuwa anaijua kazi hii, ulimsimulia mara ngapi wakati wa kula? Nikasikia nati ikizunguka. Mara moja, na kidogo. Ikagoma. Akairudisha nyuma, akajaribu tena, ikagoma pale pale. Shangazi yako akaacha kutikisa mguu.

Kisha akasema, taratibu kabisa, "Alikuja kula mchana ule. Nilimwambia, na vidole hivyo, si ungeacha kazi ya waya mpaka upone. Akaniambia, leo sina wasiwasi, mtani kazijaribu."

Nimeandika maneno hayo yote kama alivyoyasema. Sitaweza kuyaandika mara ya pili.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema mambo mawili. La kwanza, "Ile meli nyingine?" La pili nitakwambia mwisho.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Mtoni na kopo kifuani. Kulwa ilikuwa mchangani, imejaa saruji, inangoja maji. Nikamwambia bwana mkubwa mbele ya karani, mbele ya mafundi, na huko kazini, namshukuru Mungu, hakuna utani. Hakucheka mtu. Wakapanda, wakafungua vishikizo vyote vya Kulwa, nati moja moja ikajaribiwa kwa vidole. Tatu zilikuwa za Mmarekani, na mbili kati ya hizo zilikuwa kwenye kishikizo kimoja. Bwana mkubwa alizishika kiganjani muda mrefu. Zikabadilishwa, Kulwa ikaondoka na maji ya jioni, na nasikia ilirudi salama.

Akanifukuza siku hiyo hiyo, na ni haki yake. Nikamwomba kitu kimoja tu, ile ripoti iandikwe upya, jina lako lisafishwe. Karani akatafsiri jibu huku anatazama chini: "Karatasi imekwisha kwenda. Marehemu hatarudi kazini kwa karatasi nyingine."

Kwa hiyo kwenye makaratasi bado wewe ni fundi mzembe, na mitaani bado umebeba mlango. Nilikunyang'anya jina kwa siku moja, na kulirudisha sijui itanichukua muda gani. Nakwenda nyumba kwa nyumba. Wengine wananisikiliza. Wengine wanaanza kucheka nikiwa bado naomba maji ya kunywa.

Sasa lile la pili alilosema Bi Zena. Eda ikiisha atawapeleka watoto kwa mama yako Tabora. Akasema, "Utapanda treni na sie, umwambie mwenyewe." Nimekubali. Najua nitakavyopokewa huko, wakisikia Mzaramo amekuja watacheka kabla sijafika kwenye kivuli cha nyumba. Sitabishana nao. Nitakaa chini mbele ya mama yako, nimshike mkono, niweke bolti na nati ndani yake, nimwambie zungusha, mama, kwa vidole. Nitangoja mpaka igome. Halafu ndipo nitasema. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na kama sitaitimiza basi siku yangu ikifika Wanyamwezi wote wakae kimya kwenye msiba wangu, asiwepo hata mmoja wa kunicheka.

Pumzika, mtani. Mungu akupe nafasi pana kuliko ile niliyokuachia mimi.

Uliniuliza pale dirishani, nami nikakujibu vibaya. Najibu upya. Sikuzijaribu, Shabani. Sikuzijaribu.

Mtani wako,
Kondo